Kamera ya kupambani: R50 au R8, kisa cha mpwa wangu na chumba nisichoruhusiwa kuingia

Nianze na hili manake ndo lililofanya kisa chote kiwe kigumu. Mimi napiga picha hapa Lamu mwaka wa kumi na tano sasa, majahazi, nyumba za wageni kule Shela, mafundi wa Matondoni wakichonga mashua, Maulidi pale Riyadha kila Mfunguo Sita, lakini kupambani sijawahi kuingia na sitaingia, mwanamume haingii, basi. Sasa mpwa wangu, binti wa dadangu, mwaka jana akanijia ati ataka kununua kamera ya kupigia picha hukohuko. Yani natakiwa nimshauri mtu kuhusu taa nisizoziona, chumba nisichokijua, na picha ambazo hata zikipigwa sitaonyeshwa.

Kwa asiyejua, kupamba ni usiku wa wanawake, bibi harusi amepambwa amekalishwa juu watu wamtizame, na hao watu wenyewe mabuibui wameyavua, kila mtu na nguo yake na dhahabu yake. Simu zinaachwa mlangoni, kuna mama kazi yake usiku kucha ni kupekua mikoba tu. Picha moja ikitoka nje ikafika kwa waume za watu, ni ugomvi wa familia mbili. Kwa hiyo mpiga picha lazima awe mwanamke na lazima awe mtu wa kuaminika, na mara nyingi wanaletwa kutoka Mombasa, nauli juu yao, malazi juu yao. Mpwa wangu akaona riziki iko hapo. Nikamwambia umeona vizuri.

Pesa alikuwa nazo elfu 190. 120 zake za kushona na kuuza mabuibui, 70 zamu ya mamake kwenye chama. Na ilikuwa imebaki miezi miwili Shaabani iingie, na mnajua Shaabani ilivyo, kila mtu anataka kuozesha kabla Ramadhani haijafika, ukikosa hapo umengoja mpaka baada ya Idi.

Zilizokuwa mezani ni mbili. Canon EOS R50, ndogo, ya wanaoanza, sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni ile ndogo tunaita kropu, milimita 22.3 kwa 14.9. Na Canon EOS R8, hii ni fulufremu, sensa milimita 36 kwa 24, sawasawa na filamu tulizokuwa tukipeleka studio kusafishwa zamani. Zote mirolesi, yani hazina kile kioo cha ndani, zote zilitoka 2023, zote megapikseli 24, betri ni ileile moja LP-E17, tundu la kadi ni moja moja, na hakuna hata moja kati yake yenye kile kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi. Fokasi ya kushika jicho zote zinayo. R8 wameifundisha mpaka kumtambua farasi, punda hakuna aliyemfikiria, ila tuyaache hayo.

Bei tulizoambiwa kwa simu kutoka Nairobi: R8 pamoja na lenzi yake ya 24-50 (hizo ni milimita, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu) elfu 185. R50 bodi tupu elfu 85, ukitaka na kilenzi chake cha 18-45 unaongeza kama kumi na tatu.

Nlichomjibu siku ile ya kwanza? Nlimwambia chukua R8, usifikirie mara mbili. Na nkisema kweli ile haikuwa ushauri, ilikuwa ni uchu wangu mimi, manake mimi mwenyewe bado natumia Canon 80D ya kropu na fulufremu nimeitamani miaka. Binamu yake aliyeko Nairobi naye akawa anamtumia ujumbe wa sauti, fulufremu ama usinunue kabisa, kropu ni ya watoto. Binti akatusikiliza wote kisha akaniuliza swali moja, "Mjomba, wewe waijua taa ya kupambani ilivyo?" Siijui. "Na yeye aijua?" Haijui pia. Basi akanitazama tu.

Hapo ndo tukaanza kazi yenyewe.

Nkampa 80D yangu na lenzi ya 18-55, nkamwekea kwa mkono kila kitu, nkamwelekeza namna ya kusoma namba. Akaongea na mama wa bibi harusi mmoja, jamaa zao, akaruhusiwa aingie saa moja kabla wageni hawajafika, wakati wapambaji wanamalizia jukwaa na taa zote zimeshawashwa. Akamkalisha dada mmoja kwenye kiti cha bibi harusi, akapiga, akanirudishia namba kwenye karatasi kama risiti ya duka. Lenzi imevutwa mpaka 55, tundu f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, mwanga mwingi), kasi moja kwa 125 ya sekunde, na ili picha itoke na mwangaza wa kutosha ISO, ile namba ya kuiongezea kamera wepesi wa kuona gizani, ilibidi ifike 12800, na ISO ikipanda picha inaingia punjepunje tunazoziita chenga. Nlifikiri amekosea. Akarudia chumba kingine, nyumba nyingine wiki iliyofuata, namba zikawa ndo zilezile, kidogo juu kidogo chini. Zile taa za rangi za jukwaani machoni zinaonekana kali lakini kamera haidanganyiki, pale ni gizani.

Sasa tulikuwa na kitu cha kupigia hesabu. Na hapa nawaomba mvumilie, manake watu wengi wanaruka hapa ndo wanarudi kulia baadaye.

Sensa ya fulufremu eneo lake ni kama mara 2.6 ya hiyo kropu ya Canon. Kwa hiyo ukifunga lenzi yenye f ileile kila upande, fulufremu ikiwa ISO 12800 chenga zake utaziona kama za kropu ikiwa ISO 5000 hivi. Hiyo ni faida ya kweli, sio maneno ya Yutyubu. Lakini ile R8 ya elfu 185 inakuja na lenzi gani? 24-50 ya f/4.5 mpaka 6.3. Ukiivuta mwisho tundu linabana mpaka f/6.3, ndogo kuliko hata lenzi yangu kuukuu, maana yake kwenye chumba kile ISO inapanda 16000. Gawanya kwa 2.6 unapata kama 6200 ya kropu.

Upande wa pili, R50 bodi tupu, na badala ya kilenzi chake, ufunge Sigma 18-50 ya f/2.8, ambayo tangu 2024 inatoka na mdomo wa Canon RF, wa kuingia kwenye kamera hizi (zamani hiyo haikuwako, Canon mlango walikuwa wameufunga kwa lenzi za wengine zenye fokasi ya otomatiki). F/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. ISO 12800 inashuka 3200. Basi kropu 3200 dhidi ya fulufremu inayofanana na 6200, ndogo imeishinda kubwa mara mbili. Na ukirudi upande wa pana, R8 kwa 24 iko f/4.5, R50 kwa 18 bado iko f/2.8, nkapiga hesabu mara tatu nkidhani nimeteleza: ni sare. Sare kabisa, chenga sawa, hata kile kina cha fokasi ni sawa.

Yani pesa karibu zile zile, na fulufremu yenye lenzi ya giza inatoka sare upande mmoja na inapigwa upande mwingine. Na uzito, ambao ndo sababu watu wananunua hizo ndogo? R50 ni gramu 375, R8 ni 461. Lakini hiyo Sigma ni kama 300 na lenzi ya R8 ni 210. Zijumlishe. Zote mbili zinafika 670 na kitu. Udogo wote umeliwa na lenzi.

Nlipompigia binamu yake kumweleza akasema hesabu zenu hizo, fulufremu ni fulufremu. Sawa.

Katikati ya hayo tukasikia kuna jamaa Malindi anauza Canon RP ya mtumba, nayo fulufremu, ya 2019, megapikseli 26, na lenzi ya 24-105, vyote elfu 95. Ilikuwa ya Mtaliano aliyerudi kwao, na Malindi Wataliano ni wengi hivyo hilo halikutushtua. Bei ilikuwa tamu kiasi kwamba tulivuka Mokowe alfajiri tukapanda basi mimi na yeye. Kamera nje inang'aa. Nkaiomba lenzi, nkaifungua, nkawasha tochi ya simu nyuma nkachungulia kutoka mbele, na pale ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kuvu. Hewa yetu ya pwani ni ya unyevu, kifaa kikiwekwa kabatini gizani miezi bila kutolewa, kuvu anaota kwenye kioo na anakula ile rangi ya juu, na kumsafisha ni kufungua lenzi nzima. Jamaa akasema hizo ni vumbi tu. Nlikagua na mdomo wa bodi pale lenzi inapofungwa, parafujo mbili zimeanza kutoka kutu. Mpwa wangu ndo aliyekataa kabla yangu, akasema kwa adabu, "Kaka, twashukuru, tutazungumza," na tukala zetu mahamri na chai stendi tukarudi. Simlaumu sana yule kijana, pengine hajui alichokuwa nacho.

Basi la kurudi ndo lilileta swali ambalo mimi lilinikalia kooni. "Mjomba, na je nkinunua R8 bodi tupu, na ile 50 ndogo ya f/1.8?" Bodi walikuwa wametwambia 165, lenzi 26. Jumla 191, na hiyo elfu moja ya juu ningemtolea mimi. Hapo ndo fulufremu inatoka kifua mbele kweli, f/1.8 inaingiza karibu mara kumi ya f/5.6, ISO inashuka 1300, na kwa faida ya sensa unaiona kama kropu ya 500. ISO 500! Picha safi kama mchana. Kwa uso wa bibi harusi peke yake hakuna kitakachoifikia hapo mezani. Nlinyamaza mpaka Garsen.

Kilichonitoa pale ni boriti. Nyumba zetu za mawe za zamani, mtu akikueleza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, jibu ni boriti za mikoko, dari inabebwa na boriti na boriti ya mkoko ina urefu wake, chumba hakiwezi kupanuka kupita pale. Nkamwambia apime. Akapima kwa kanda ya kushonea ile nyumba ya kwanza, ndani kule bibi harusi anakokalishwa, mita 2.6 kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiegemea ukuta na bibi harusi amekaa mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, upande wa pili, kati yenu haizidi mita mbili na nusu hata ukijibana.

Mita mbili na nusu, lenzi ya 50 kwenye fulufremu inaona upana wa mita 1.8. Bibi harusi na mashangazi wawili waliobanana. Lenzi hiyohiyo ukiifunga kwenye R50 inakuwa kama ya 80, inaona mita 1.1, hapo hata gauni halikai. Ile Sigma ikiwa 18 kwenye R50 inaona mita 3.1, anaingia bibi harusi, mama yake, nyanya, na mtoto aliyepanda kitini bila ruhusa. Bila shaka R8 ungeweza kuifungia lenzi pana na yenye tundu kubwa, zipo, lakini pesa zimeshaisha, tulikuwa tumefika 191 hata kadi hajanunua.

Kuna watakaosema basi arudi nyuma asimame kiwandani, yani ule ua wa ndani, au msanani, chumba cha mbele yake, apige kutoka mlangoni. Nlimwuliza. Akacheka, akasema mlangoni kuna wanawake arubaini wamesimama wanaimba.

Kwa hiyo tukakata shauri: R50 bodi 85, Sigma 72, jumla 157. Betri mbili za ziada, kadi mbili, na hadi diski ya kuwekea nakala ya pili, manake kamera zenye kadi moja kadi ikifa usiku umekufa na wewe, kwa hiyo mpango ulikuwa abadilishe kadi katikati ya sherehe na akifika nyumbani kabla ya kulala anakili mara mbili. Flashi nkamwambia usinunue, ntakupa Speedlite yangu ya zamani. Zilizobaki akanunua kisanduku kisichopitisha hewa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mchele msiweke, watu wanapenda kushauri mchele, mchele una unga wake na unga ni vumbi. Video wateja wake hawakutaka, hawataki hata kuisikia, na hilo lilitupunguzia maumivu ya kichwa manake mambo ya video yangebadilisha hesabu.

Mzigo ukaja kwa ndege mpaka Manda, mtu wetu akauvusha kwa boti. Na hapa sasa niwaambie nlipokosea mimi.

La kwanza flashi. Nkatoa Speedlite yangu kwa mbwembwe, nkaichomeka juu ya R50, haiwaki. Nkabadilisha betri, haiwaki. Nkaijaribu kwenye 80D, inawaka kama radi. Kumbe pale juu pa R50 Canon wameweka soketi ya aina mpya peke yake, vile visahani vya chuma vya kizamani havipo, flashi za zamani zinahitaji adapta inaitwa AD-E1. R8 inavyo vyote viwili, vipya na vya kale. Hili liko wazi kwenye karatasi za kamera, nlilipita mimi mtu mzima kwa sababu nlikuwa nahesabu chenga. Ingekuwa kwenye hesabu ya mwanzo? Ingeongeza elfu chache upande wa R50, matokeo yasingebadilika, lakini alikwenda harusi ya kwanza akiwa na kile kiflashi kilichojengwa ndani tu, na kile kwa sherehe si chochote, kinapiga usoni moja kwa moja, watu wanang'aa paji la uso kama wamepakwa mafuta.

Adapta ilipofika nkamfundisha kuelekeza flashi juu darini mwanga urudi laini, kama vitabu vyote vinavyosema. Akarudi na picha za kahawia. Akanisimulia tu, hakunionyesha. Dari gani, dari zetu ni boriti nyeusi na juu kule mbali, mwanga unaokwenda haurudi, na ukirudi umechukua rangi ya mti. Ukuta ndo mweupe, wa chokaa! Geuza flashi igonge ukuta wa pembeni na nyuma yako, usiguse dari. Yeye ndo aliyegundua, si mimi, mimi nlikuwa nimekaa nyumbani natoa ushauri wa nyumba za watu wengine.

La pili liliuma zaidi. Harusi ya pili, walipofika kwenye dua akaona aibu kwa mlio wa shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, kila mtu kanyamaza na yeye anapiga ta-ta-ta, akaweka shata ya kimya, ile ya elektroniki. Picha kama arubaini zikatoka na mistari, mkanda wa giza mkanda wa mwanga toka juu hadi chini kama shuka la kikoi. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini shata ya elektroniki inaisoma sensa mstari kwa mstari, mstari huu ukaukuta mwanga na unaofuata ukaukuta upepesi. R8 ingemfanyia hivyohivyo, inasoma sensa haraka zaidi ila si haraka ya kuponea pale. Dawa ni kuacha shata ya kawaida na kushusha kasi iwe moja kwa 100, na wakati wa dua usipige mfululizo, piga moja tulia. Zile arubaini hazikuokoka. Akamwambia mama mwenye harusi ukweli akampunguzia malipo, na yule mama ndo aliyemletea wateja wawili baadaye, lakini usiku ule mpwa wangu alilia, dadangu alinipigia saa nane.

Mpaka Ramadhani inaingia alikuwa amepiga sita. Albamu anachapisha ukubwa wa A4, na picha yenye pikseli 6000 kwa 4000 ukiichapa kwa 300 kwa inchi inafika inchi 20 kwa 13, kwa hiyo hapo kropu na fulufremu hakuna aliyekuja kuuliza. Faili hatumi kwa WhatsApp hata moja, anapeleka kwa mkono kwenye flashi diski na anamfutia mteja nakala mbele yake akiomba. Hilo hakuna sensa inayokuuzia.

Pale R8 ingemfaa, na nalisema wazi nisije nikaonekana natetea ushauri wangu, ni zefe, msafara wa harusi. Usiku, nje, vichochoroni, taa moja ya mtaa kila kona na watu wanatembea, flashi huwezi manake ukuta uko nusu mita na unamulika mtu wa mbele peke yake. Hapo f/2.8 kwenye kropu inapanda ISO mpaka kule ambako sura inakuwa uji. Anazipiga, anazigeuza nyeusi na nyeupe, wateja wanazipenda, mimi najua ni za kulazimisha. Na bodi ya R50 haijazibwa dhidi ya vumbi, kwa hiyo ufukweni Shela siku ya upepo wa kusi habadilishi lenzi, anaifunga Sigma nyumbani na anarudi nayo hivyohivyo. R8 imezibwa kidogo, kidogo nasema.

Kuna juzi akanitumia ujumbe, "Mjomba, R8 bodi imeshuka bei." Nkamwuliza unayo lenzi ya kuifungia? Manake ile Sigma ni ya kropu, ukiifunga R8 kamera inakata pembeni inabakiwa na megapikseli kama 9. Akajibu anajua, ashaanza kuweka za RF 35 ya f/1.8 kwanza, ataitumia kwenye R50 mpaka pesa za bodi zitimie. Sikuwa na la kuongeza.

Picha zenyewe sijaziona, kama nlivyosema. Moja tu. Alimwomba ruhusa bibi harusi mmoja anionyeshe mikono peke yake, mikono miwili juu ya paja, piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, mpaka kwenye kiwiko, nyuma zidaka za chokaa zimefifia. ISO 3200, f/2.8, moja kwa 100, flashi ukutani. Nkaivuta kwenye laptopu mpaka asilimia mia nkawa natafuta chenga kwenye kivuli kati ya vidole, na zipo, ukizitafuta zipo, nkataka nivute tena kidogo nione na upande wa kushoto, akaifunga laptopu akasema mkono wa mtu huo mjomba, watosha.